Ua la Krismasi linatoa rangi Juni, Desemba ni kijani tupu: nirekebishe nini?

MamaForest, Mbeya

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaojua maua ya ndani.

Nina poinsetia mbili, yale maua ya Krismasi ya majani mekundu yanayouzwa kwenye vyungu kila Desemba. Ziko kwenye vyungu vya plastiki vya upana wa sentimita 18, karibu na dirisha la sebuleni linalotazama mashariki. Afya ni nzuri, shina limekomaa, wadudu hamna. Tatizo ni majira. Zinawaka nyekundu mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwa imekolea, halafu Desemba ikifika ni kijani tupu.

Nimefuata maelekezo ya mtandaoni: kupogoa mwezi wa nne, mbolea hadi mwezi wa nane, kisha kufunika usiku kuanzia Oktoba. Kufunika natumia kiroba cha salfeti, mmea ukiwa pale pale sebuleni, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi. Hakuna kinachobadilika.

Sasa ni mwisho wa Julai, rangi inafifia na majani ya chini yanadondoka. Nikate sasa au nisubiri? Na giza lianze lini, kwa masaa mangapi, ili tarehe 25 Desemba ziwe nyekundu?

Gangilonga_Kijani, Iringa

Dada, mimea yako haina kasoro. Imefuata usiku wa huku kwetu, wakati maelekezo uliyosoma yameandikiwa watu wa upande wa pili wa ikweta.

Poinsetia inajua wakati wa kuchanua kwa kupima urefu wa usiku. Asili yake ni Meksiko, kaskazini mwa ikweta, ambako usiku unakuwa mrefu kuliko mchana kuanzia mwishoni mwa Septemba, ndiyo maana kule inaiva rangi Desemba. Sisi tuko kusini. Mbeya mwezi Desemba mchana ni kama masaa 12 na dakika 40, hivyo usiku unabaki masaa 11 na dakika 20. Juni ni kinyume: mchana masaa 11 na dakika 35 hivi, usiku masaa 12 na dakika 25. Iringa tofauti ni ndogo kidogo, lakini mkondo ni ule ule. Saa moja hiyo inatosha kabisa kuuamsha mmea. Kwa hiyo bila mkono wa mtu, poinsetia ya Nyanda za Juu Kusini itachanua katikati ya mwaka. Na ukifunika saa 1 jioni hadi saa 12 asubuhi, hujaongeza kitu. Hayo ni masaa 11, giza ambalo lilikuwepo hata bila kiroba.

Sasa kazi yenyewe. Kata wiki hii, usisubiri. Kila tawi libaki na urefu wa sentimita 10 hadi 15, likiwa na macho matatu au manne, yaani vituta vya kuchipulia. Tumia kisu au mkasi uliosafishwa kwa spiriti, kata nusu sentimita juu ya jicho. Utatoka utomvu mweupe mwingi. Vaa glavu, usijishike machoni, na bonyeza kitambaa chenye maji ya baridi kwenye jeraha hadi ukome kutiririka. Kwa baadhi ya watu utomvu huo unawasha ngozi, na mtoto au mbuzi akitafuna majani anaweza kutapika, kwa hiyo mabaki yatupe shimoni.

Baada ya kukata, mmea hauna majani ya kunywa maji. Hapa ndipo watu wanauua kwa huruma. Mwagilia pale tu udongo umekauka hadi kina cha kidole, mpaka uone machipukizi.

Machipukizi yakifika sentimita mbili, hamishia kwenye chungu kipya kilichozidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu. Chungu kikubwa mno kinabaki na maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza, na poinsetia inaoza mizizi haraka kuliko maua mengi ya ndani. Mchanganyiko unaofaa ni ndoo mbili za udongo wa juu wenye rutuba, ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza kabisa, na ndoo moja ya kitu cha kupitisha hewa. Nyie wa Mbeya mna bahati: yale mawe mepesi yenye vitundu ya volkano ya Rungwe, yakipondwa hadi ukubwa wa punje ya mahindi, hayana mshindani. Ukiyakosa tumia mchanga wa mto uliooshwa, au maganda ya mpunga yaliyochomwa nusu.

Mbolea: NPK 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa lita 5 za maji. Iache ilowe usiku kucha, koroga, tumia maji ya juu. Mara moja kila wiki mbili, na udongo uwe na unyevu kwanza, la sivyo chumvi itachoma mizizi. Usitumie urea. Inavuta shina refu laini lenye majani makubwa, na tawi la namna hiyo likibeba majani mekundu linainama.

Jambo ambalo maelekezo ya kule hayatakuambia: Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba usiku wetu bado ni mrefu, kwa hiyo machipukizi mapya yanaweza kuanza kutunga maua kabla hayajawa na majani ya kutosha. Dawa unayo tayari. Taa ya sebuleni ikiwaka hadi saa 4 usiku, mmea ukiwa mita moja au mbili kutoka kwenye taa, kwake huo bado ni mchana. Agosti na Septemba uache hapo hapo. Taa hiyo hiyo ndiyo inayokuharibia Oktoba.

Mwanzoni mwa Septemba, machipukizi yakiwa na majani matano au sita, kata ncha ya kila moja kwa kucha, ubakize majani manne. Kila ncha utakayokata itatoa matawi mawili au matatu, na kila tawi litabeba kichwa chake chekundu. Baada ya tarehe 10 Septemba usikate tena, hakutakuwa na muda wa tawi kukua. Giza lianze tarehe 1 Oktoba. La kufunika nawaachia wenye vitalu.

Kitalu_Uyole, Mbeya

Mkuu wa Gangilonga kamaliza sehemu ya kwanza vizuri, nachukua ya giza.

Giza ni masaa 14 mfululizo, kila siku, kwa wiki 8 hadi 10. Saa rahisi kukumbuka: funika saa 11 jioni, funua saa 1 asubuhi. Ukianza tarehe 1 Oktoba, majani ya juu yanaanza kubadilika mapema Novemba, na mwisho wa Novemba unapata rangi ya kutosha kuacha kufunika. Desemba yote mmea unajaza rangi wenyewe.

Neno la kushikilia hapo ni mfululizo. Kwenye jani kuna kemikali inayopima usiku, na mwanga wa dakika chache katikati ya giza unairudisha mwanzo. Mmea haujumlishi masaa saba ya kabla ya taa na masaa saba ya baada ya taa ukapata 14. Unaona usiku mbili fupi. Ndiyo maana mtu anayefunika kwa uaminifu lakini akaenda kuuchungulia kwa tochi ya simu saa 4 usiku anakosa kila kitu.

Kiroba cha salfeti hakifai. Kimefumwa, kinapitisha mwanga. Vinavyofaa, kwa mpangilio wa upendeleo wangu:

Chumba cha stoo kisicho na dirisha, au kabati ambalo halifunguliwi usiku. Hii ni bora kuliko zote kwa sababu hewa ipo na majani hayaguswi. Hakikisha hakuna taa ya ulinzi au taa ya mtaani inayopenya chini ya mlango. Weka kitambaa kizito pale chini.

Boksi gumu la TV au la friji ndogo, liingie juu ya mmea kwa nafasi ya sentimita 5 kila upande. Ziba mikunjo yote kwa selotepu pana ya kahawia, kisha bandika gazeti mara mbili kwa ndani. Jaribu hivi: saa 6 mchana jifunike nalo kichwa juani, kaa dakika mbili macho yazoee. Kila nukta ya mwanga utakayoiona, ziba.

Kitambaa cheusi kizito, tabaka mbili, juu ya fremu ya miti au nondo nyembamba ili kisiguse majani.

Plastiki nyeusi ya kitalu siipendekezi kwa nyumbani. Saa 11 jioni ya Oktoba jua la Mbeya bado lina nguvu, na chini ya plastiki joto linapanda haraka. Usiku ukivuka nyuzi 23 hivi mmea unachelewa kutunga maua hata kama giza limetimia. Pia mvuke unaganda ndani, majani yanashinda yamelowa hadi asubuhi, na ukungu wa kijivu unaingia. Joto la usiku linalofaa ni nyuzi 15 hadi 20, na hilo Oktoba na Novemba Mbeya tunalo ndani ya nyumba bila gharama yoyote. Watu wa Kyela kule chini kando ya Ziwa Nyasa ndio wenye kazi, usiku wao ni wa joto.

Mchana nao una masharti. Mmea unaolala gizani masaa 14 una masaa 10 tu ya kutengeneza chakula chake, kwa hiyo ukiufunua upeleke kwenye mwanga mkali: dirishani kabisa, au barazani penye kivuli chepesi. Ukiuacha kona ya sebule mchana, utapata vichwa vidogo vilivyopauka na shina refu.

Makosa ninayoyaona sana, na dalili zake:

Jani jekundu lenye mabaka ya kijani: mwanga unavuja, au kuna siku zilirukwa. Hasa angalia upande mmoja wa mmea. Ukikuta upande wa kushoto ni mwekundu na wa kulia ni kijani, tundu la boksi liko kulia.

Rangi imekuja lakini vile vitufe vya njano vya katikati vinadondoka: mwanga wa mchana ni mdogo, au udongo umekauka kupita kiasi. Vitufe hivyo ndiyo maua yenyewe, yale mekundu ni majani. Vikidondoka mapema, mmea hautakaa na rangi muda mrefu.

Majani yananyauka wakati udongo umelowa: mizizi inaoza. Toa mmea kwenye chungu utazame. Mizizi mizima ni myeupe, iliyooza ni ya kahawia na ganda lake linavuka ukivuta. Acha kumwagilia, na kama chungu kimevikwa ile karatasi ya kung'aa ya zawadi, ivue. Maji yanatuama humo.

Kingo za majani mekundu zinaungua kahawia: mbolea nyingi mno wakati rangi inakuja, au upungufu wa kalsiamu. Kuanzia katikati ya Oktoba badilisha mara moja kwa mwezi NPK kwa CAN, mbolea yenye kalsiamu, kijiko kimoja cha chai kwa lita 5, na rangi ikishajaa acha mbolea kabisa.

MamaForest, Mbeya

Asanteni sana, sasa nimeelewa kwa nini kiroba hakikusaidia. Maswali mawili madogo. Kama siku za Jumapili tunachelewa kurudi na nikafunika saa 2 usiku badala ya saa 11, nimeharibu yote? Na inzi weupe chini ya majani natibu na nini bila kuunguza?

Kitalu_Uyole, Mbeya

Dada, siku moja haiharibu yote, inachelewesha. Mbaya ni kurukaruka kwenye wiki tatu au nne za kwanza, wakati ncha inaamua kama itoe jani au ua. Hapo usiruke kabisa. Kama unajua utachelewa, funika saa 9 mchana kabla hamjatoka. Giza la ziada la siku moja halina madhara. Usilipe deni kwa kuchelewa kufunua asubuhi kila siku, mmea utakosa mwanga.

Inzi weupe: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na dawa ya kung'arisha, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1 ya maji. Puliza chini ya majani jioni au asubuhi mapema, subiri dakika 20, suuza kwa maji safi. Rudia kila baada ya siku 5, mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai na yanaanguliwa nyuma yako. Maliza kazi hiyo Septemba. Majani mekundu ni laini kuliko ya kijani, sabuni inayaachia madoa. Kipande cha plastiki ya njano kilichopakwa grisi, kikining'inizwa usawa wa majani, kinakuonyesha kama bado wapo.

Baridi_Makete, Njombe

Naongeza kwa sisi wa juu zaidi. Makete, Njombe na kando ya Kitulo, mtu asinakili kalenda ya Mbeya bila kuangalia joto. Poinsetia ikilala chini ya nyuzi 10 majani yanalegea na kudondoka, na sakitu ya Juni na Julai inaiua hadi shina. Huku isikae barazani usiku mwezi wowote wa baridi, na isiguse kioo cha dirisha.

Hata Oktoba, stoo ya nje ya bati inaweza kuwa baridi mno. Usiku wa nyuzi 12 hauzuii rangi kuja, ila unaichelewesha, kwa hiyo anzeni giza tarehe 20 Septemba badala ya tarehe 1 Oktoba na ncha mkate mwishoni mwa Agosti. Boksi liwe ndani ya chumba kinachopakana na jiko. Msiliweke jikoni kwenyewe, moshi wa mkaa unaangusha majani.

Msitu_Mufindi, Mafinga

Wakuu, maranda na vumbi la mbao huku ni bure kila kiwanda. Naweza kuweka badala ya mawe ya volkano? Na ile poinsetia ya ardhini yenye urefu wa kunizidi naweza kuilazimisha Desemba?

Gangilonga_Kijani, Iringa

Vumbi bichi la misonobari usiweke, kaka. Vijidudu wanaoliozesha wanachukua naitrojeni yote ya chungu, na majani yatapauka njano ukidhani mmea una njaa ya maji. Likae kwenye lundo lililolowa, ukiligeuza, hadi liwe jeusi na lisinuke utomvu wa msonobari. Likishafika hapo, robo ya mchanganyiko inatosha.

Ile ya ardhini iache ichanue Juni, hakuna boksi la kuitosha. Chukua vipandikizi kwake. Kata ncha za kijani zenye urefu wa sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye machipukizi mapya, zichovye kwenye maji hadi utomvu ukome, ondoa majani ya chini, bakiza mawili au matatu ya juu. Choma sentimita 3 kwenye mchanga wa mto uliolowa, funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa wazi. Kivulini, joto la nyuzi 20 na kidogo zaidi, mizizi inatoka ndani ya wiki 3 hadi 4. Ikipandikizwa chungu cha sentimita 12 kabla ya mwisho wa Septemba, itakupa kichwa kimoja kikubwa Desemba. Usikate ncha yake, na giza ianze tarehe 10 Oktoba.

Chai_Tukuyu, Rungwe

Mkumbuke pia kaktasi ya Krismasi, ile ya vipande bapa vinavyoning'inia. Asili yake ni milima ya kusini mashariki mwa Brazili, kusini mwa ikweta kama sisi, na huko inachanua karibu na Mei. Hapa Rungwe inafanya hivyo hivyo baridi ikianza. Kuihamishia Desemba ni rahisi kuliko poinsetia: giza la masaa 13 au 14 kuanzia mwanzoni mwa Oktoba, kwa wiki 6 tu, na ukiona vichomozi kwenye ncha za vipande acha kufunika. Tangu hapo usiuzungushe mmea wala kuuhamisha dirisha, vichomozi vitadondoka. Huu ni mmea wa miti ya msituni, hautaki kukaushwa kama kaktasi za jangwani. Mwagilia sentimita mbili za juu zikikauka, punguza kidogo Septemba.

Na kwa dada wa Forest, una mimea miwili. Ningekuwa mimi ningelazimisha mmoja tu. Mmea unaotoa rangi Julai, ukakatwa, ukalazimishwa tena Desemba, unachoka. Mwaka unaofuata unatoa matawi membamba. Mmoja ufuate Desemba, mwingine uachwe na Juni yake, halafu mwakani ibadilishane. Nyumba inapata rangi mara mbili kwa mwaka.

Kitalu_Uyole, Mbeya

Naunga mkono hilo la kubadilishana, kwa sharti moja. Ule utakaofuata Desemba, ukimaliza rangi Februari au Machi mwakani ukate, kisha uuweke karibu na taa ya sebuleni hadi saa 4 usiku tangu Machi hadi Septemba, usichanue Juni. Ndivyo unavyokusanya nguvu. Vitalu vinavyouza Desemba vinafanya jambo lile lile kwa taa za katikati ya usiku, kawaida saa 4 hadi saa 8 usiku, na balbu ndogo ya LED inatosha chungu kimoja.

Halafu dada, tarehe 10 Novemba kagua ncha za juu. Zikiwa na wekundu hata kwenye mishipa tu, uko sawa, endelea. Zikiwa kijani bila dalili, usikate tamaa wala usifungue. Tafuta mwanga unaovuja, ziba, na uhesabu wiki 8 upya kuanzia siku uliyoziba. Rangi itakuja Januari, na mmea utakaa nayo hadi karibu na Pasaka.